Shahidi Asiyeona Kitu



Wengi wenu mnaikumbuka Alhamisi ile ya tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa juu ya nchi yetu. Karibu na saa 6 mchana mwezi ulipita mbele ya jua. Kwa kuwa siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, haukutosha kulifunika jua lote, bali uliacha ukingo wa moto pande zote, mfano wa pete. Watu walitoka mahali pengi wakaenda Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, kwa sababu wataalamu walikwisha kusema mapema kwamba huko pete itaonekana vizuri. Na kweli ilionekana, kwa muda wa dakika 3 hivi.

Mimi sikwenda Rujewa. Nilibaki hapa Mbalizi. Hapa jua lilipungua hata likabaki kama mwezi mwandamo, hewa ikapoa, mwanga ukawa wa ajabu kama wa jioni isiyo na machweo, kisha mambo yakarudi kama kawaida. Pete hatukuiona. Njia ya pete ilikuwa na upana wa kilomita 100 tu hivi, nasi tulikuwa nje ya njia hiyo. Jioni waliporudi waliokwenda Rujewa, waliniuliza, "Mwalimu, nawe uliiona?" Nikajibu, "La, sikuiona." Wakanihurumia. Mmoja wao, kwa mzaha tu, akasema, "Basi wewe huna la kusimulia."

Mzaha ule ulinichoma kuliko alivyojua aliyeusema. Maana maneno hayo hayo niliwahi kumwambia mtoto mmoja, miaka mingi nyuma, nikiwa kazini, nayo yalileta madhara ambayo hayajapona hata leo. Habari hiyo nitaieleza. Lakini kwanza nataka tulitazame swali lenyewe: Je, mtu aliyekesha akitazama, kisha akasema kwa kweli "Sikuona kitu," ana ushahidi wowote? Au ni sawa na mtu ambaye hakuwapo kabisa?

Ili kulijibu nitawapeleka mbali kidogo, kwenye kazi moja ya wanaastronomia ambayo kwa muda mrefu imenipa mafundisho.

Mnajua kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, upande huu huu wa barabara iendayo Tunduma. Ni chuma kilichotoka mbinguni, kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na kila mwanafunzi aliyepelekwa kukitazama amekipapasa kwa mkono wake. Kitu cha namna hiyo hakina ubishi. Mtume Tomaso angekipenda. Lakini huko nje, kupita sayari zote kubwa, yako mawe na mabarafu mengi yanayolizunguka jua, ambayo hakuna mkono uwezao kuyagusa, na hata darubini kubwa huyaona kama nukta hafifu tu, au isiyaone kabisa. Mtu atajuaje ukubwa wa nukta? Atajuaje umbo lake?

Njia mojawapo ni kungoja kupatwa kwa nyota. Jambo lenyewe ni lile lile la Rujewa, ila kwa kipimo kidogo. Jiwe la mbali linapopita mbele ya nyota, huiziba nyota hiyo kwa kitambo, na kivuli cha jiwe hupita juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa nyota iko mbali mno, miale yake hutufikia ikiwa sambamba, na kwa hiyo upana wa kivuli huwa karibu sawa na upana wa jiwe lenyewe. Aliye ndani ya njia ya kivuli huona nyota ikizimika ghafula na kuwaka tena. Aliye nje ya njia huona nyota inawaka tu, kana kwamba hakuna lililotokea. Kivuli hicho huweza kwenda kilomita zaidi ya 20 kwa sekunde. Kama kinakwenda kilomita 24 kwa sekunde, na nyota yako imezimika kwa nusu sekunde, basi sehemu ya jiwe iliyopita mbele yako ilikuwa na urefu wa kilomita 12. Mwenzako aliye kusini yako akipata muda mwingine, naye wa kaskazini akipata mwingine tena, mnaipanga mistari yenu pamoja, na umbo la jiwe linaanza kutokea.

Jambo la kwanza katika kazi hiyo ni kutabiri kivuli kitapita wapi na saa ngapi. Hapa pana ugumu. Lazima mtu ajue mahali hasa palipo na nyota, na njia ya jiwe katika mzunguko wake. Kosa dogo kabisa la pembe, huko mbinguni, huwa kosa la maelfu ya kilomita hapa chini. Kivuli ulichokitarajia Iringa kinapita baharini. Siku hizi kazi imerahisika kwa sababu ya chombo kiitwacho Gaia, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwezi Desemba 2013 na kufanya kazi hadi kilipozimwa Machi 2025. Chombo hicho kilipima mahali pa nyota karibu bilioni 2, kwa usahihi ambao wazee wetu wa elimu hiyo hawakuuota.

Kwa njia hii ya kungoja vivuli yamejulikana mambo makubwa. Tarehe 10 Machi 1977 wanasayansi wa Kimarekani, James Elliot, Edward Dunham na Douglas Mink, walikuwa ndani ya ndege yenye darubini, juu ya hii Bahari yetu ya Hindi, lakini kusini kabisa, wakingoja sayari ya Uranus ipite mbele ya nyota. Kwa kuwa hawakuwa na hakika ya wakati, waliwasha vyombo vyao mapema. Kabla sayari haijaifikia nyota, nyota ikafifia kidogo, ikarudi. Ikafifia tena, ikarudi. Sayari ilipokwisha kupita, mambo yale yale yakatokea upande wa pili. Hivyo zikajulikana pete za Uranus, ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Tarehe 9 Juni 1988 nyota iliyozibwa na Pluto haikuzimika ghafula bali ilififia polepole, na kwa hiyo ikathibitika kwamba Pluto ina hewa inayoizunguka. Tarehe 3 Juni 2013, huko Amerika ya Kusini, jiwe liitwalo Chariklo, lenye upana wa kilomita 250 hivi, liligunduliwa kuwa na pete mbili. Na mwaka 2023 ilitangazwa pete ya Quaoar, iliyo mbali sana na Quaoar yenyewe kupita ilivyodhaniwa kuwa pete inaweza kukaa. Ushahidi wake ulitokana na kumbukumbu za miaka ya 2018 hadi 2021, na baadhi yake ilichukuliwa katika bara letu, nchini Namibia.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya jiwe dogo liitwalo Arrokoth. Liligunduliwa mwaka 2014 kwa darubini ya Hubble. Liko umbali wa kilomita bilioni 6.5 hivi kutoka kwenye jua, na urefu wake ni kilomita 36 hivi. Nimefanya hesabu ili nipate mfano wa kwetu: ni kama kuweka punje moja ya ulezi mjini Iringa, kisha ukasimama hapa Mbalizi na kutaka kujua ina umbo gani. Chombo cha Marekani kiitwacho New Horizons kilikuwa njiani kuliendea, na wenye chombo walitaka kujua mapema wanaendea kitu cha namna gani.

Basi tarehe 3 Juni 2017 walitawanya watu wao katika nchi mbili, Argentina na Afrika ya Kusini, kila kundi na darubini yake, wakijipanga kukingama njia ya kivuli kama wavuvi wanaotandaza nyavu. Walikuwa wamesafiri mbali, wakakesha katika baridi, vyombo vikafanya kazi. Saa ikafika, saa ikapita. Hakuna hata mmoja aliyeona nyota ikizimika.

Ndugu msomaji, hebu jiweke katika nafasi ya mmojawapo wa watu hao. Umesafiri nusu ya dunia, umekesha, na sasa ni asubuhi, na mkuu wako anakuuliza umeona nini. Kishawishi kikubwa kiko hapo. Katika kumbukumbu ya chombo chako huenda kuna mahali mwanga ulitikisika kidogo kwa upepo. Ungeweza kusema, "Nadhani niliona." Au ungeweza kuona aibu, ukanyamaza, ukasema chombo kilikuwa na hitilafu. Wao waliandika: Tulitazama kuanzia saa fulani hadi saa fulani, anga ilikuwa hivi, nyota haikuzimika.

Na maandishi hayo hayakuwa bure. Kutoona kwao kulikuwa habari: pale walipokuwa wamesimama, jiwe halikupita. Kwa hiyo ilibidi kufikiri kwamba huenda jiwe ni dogo kuliko lilivyodhaniwa. Utabiri ukasahihishwa kwa vipimo vipya vya Hubble na vya Gaia. Tarehe 17 Julai mwaka huo huo, chini ya uongozi wa Marc Buie, walijipanga tena kusini mwa Argentina, karibu na mji wa Comodoro Rivadavia, mahali penye upepo mkali. Wenyeji waliwasaidia kwa ukarimu ambao ungefaa kuhubiriwa: taa za barabarani zilizimwa, barabara kuu ikafungwa kwa saa 2 ili taa za magari zisiharibu giza, na malori yakaegeshwa kukinga upepo usitikise darubini. Darubini zilikuwa zaidi ya 20. Zilizoona nyota ikizimika zilikuwa 5.

Je, nyingine zile zilikesha bure? Sivyo hata kidogo. Mistari ya zile 5 ilionyesha jiwe lilipo; wale walioandika "haikuzimika" walionyesha jiwe linapokoma. Bila wao mtu angeweza kuchora jiwe kubwa kama alivyopenda. Umbo lililochorwa lilikuwa la kitu kirefu, au vitu viwili vilivyoshikana. Tarehe 4 Agosti 2018 walijaribu tena, safari hii nchini Senegal na Colombia, na wanaastronomia wa Senegal wakashiriki bega kwa bega na wageni. Huko Senegal ulikuwa msimu wa mvua, na mawingu yaliwasumbua. Kisha tarehe 1 Januari 2019 chombo kikalipita jiwe lenyewe na kulipiga picha: kweli, ni mawe mawili yaliyoshikana. Kivuli hakikudanganya, kwa sababu mashahidi wake hawakudanganya.

Nikiitazama kazi hiyo naona kwamba shahidi wa kweli ana majibu matatu, si mawili. La kwanza ni: "Nilitazama, nikaona." La pili ni: "Nilitazama, sikuona." La tatu ni: "Sikuweza kutazama": palikuwa na wingu, au chombo kiliharibika, au nililala. Majibu yote matatu ni ya heshima. La tatu halisemi lolote juu ya jiwe, lakini linalinda hesabu isiharibike. Ubaya mkubwa ni kulichukua la tatu na kulivika nguo ya la pili. Mtu aliyekuwa chini ya wingu akiandika "haikuzimika" amelikata jiwe mahali ambapo huenda lilikuwapo. Na ubaya wa pili, ulio wa wasikilizaji zaidi kuliko wa shahidi, ni kulichukua jibu la pili na kulitupa kana kwamba ni la tatu.

Sasa nieleze niliyoahidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilifundisha katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, na nilikuwa katibu wa kamati ya nidhamu. Asubuhi moja ilionekana kwamba redio ya shule haimo katika ghala. Kijana mmoja wa kidato cha pili alishukiwa. Tuliwaita mashahidi watatu.

Wa kwanza, mwanafunzi, alisema kwamba baada ya saa 3 ya usiku alimwona kijana yule akipita katika kijia kinachoelekea upande wa ghala. Kijana mwenyewe hakukana. Alisema alikuwa anakwenda chooni, na ni kweli choo kilikuwa upande huo huo. Wa pili, mwanafunzi pia, alisema kwamba alikaa barazani akijisomea kwa taa, kuanzia saa 2 hadi kengele ya saa 4, na mlango wa ghala ulikuwa mbele yake. Hakuona mtu akiufungua. Wa tatu, mtu mzima aliyekuwa zamu ya ulinzi, alisema kwamba kuanzia saa 4 hadi alfajiri alizunguka majengo yote na hakuona mtu.

Mimi nilimwuliza yule wa pili, "Kwa hiyo hukuona kitu?" Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu, sikuona." Nikamwambia, "Basi huna la kutuambia. Nenda darasani." Hata katika kumbukumbu za kikao sikuyaandika maneno yake. Tukafanya hesabu yetu: baada ya saa 4 hapakuwa na mtu, maana mlinzi amesema, basi wizi ulitendeka kabla ya saa 4, na kabla ya saa 4 aliyeonekana upande wa ghala ni huyu. Tukamfukuza shule.

Miezi miwili baadaye redio ilirudi. Mtumishi mmoja wa shule alikuwa ameichukua mchana wa siku iliyotangulia usiku ule, akaipeleka kwa fundi mjini, kisha akaenda likizo bila kuandika katika daftari. Usiku ule tuliouchunguza kwa bidii, redio haikuwamo ghalani hata kidogo. Na mlinzi, alipoulizwa upya, alikiri kwamba alikuwa na homa na alilala.

Angalieni tulivyofanya. Aliyeona kitu tulimsikiliza, na kweli alisema kweli, lakini alichokiona ni mtu anayekwenda chooni. Aliyelala tulimpokea kama aliyetazama. Na yule mmoja aliyetazama kwa makini, mahali pafaapo, kwa saa zile zile tulizozihitaji, tulimrudisha darasani. Kama ningemwandika, hesabu yetu ingekwama: kabla ya saa 4 mlango haukufunguliwa, baada ya saa 4 hapakuwa na mtu, basi ama mmoja wa mashahidi amekosea, ama redio haikuwamo tangu mwanzo. Kukwama huko kungekuwa rehema. Kungetulazimisha kuuliza tena, na kulifungua daftari la ghala.

Tuliandika barua nyumbani kwa kijana. Baba yake alijibu kwa adabu kwamba mwanawe ameshakwenda Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na hajui yuko shimo gani. Hakurudi shuleni. Sijamwona tena tangu siku ile, wala sijui kama yu hai. Yule mwanafunzi wa barazani nilikutana naye baadaye sana, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Tulisalimiana vizuri. Nilimtaka radhi. Akacheka kidogo akasema, "Mwalimu, mimi tangu siku ile nikiulizwa jambo mbele ya wakubwa husema sijui, nikaenda zangu." Nikatambua kwamba tuliwaumiza watoto wawili, na huyu wa pili tulimfunza ubaya kwa mikono yetu.

Huenda mtu ataniuliza: Je, mafundisho haya hayawapi waoga mahali pa kujificha? Maana wako wanaoona kabisa, jirani akimpiga mkewe au mtu akila fedha za umoja, nao wakiulizwa husema, "Sikuona." Ni kweli. Huo ni uongo kama uongo mwingine, na pengine ni mbaya zaidi kwa kuwa hauna alama. Lakini dawa yake si kuwadharau wote wanaosema hawakuona. Dawa ni kuwauliza maswali yale yale tunayomwuliza aliyeona: Ulikuwa wapi? Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Kitu gani kingeweza kukuziba? Kama kingetukia, ungekiona? Mwoga maswali hayo humshinda. Mwaminifu hayamshindi. Sisi katika kamati ile tulimwuliza aliyeona, tukaridhika na mkubwa kwa sababu ya ukubwa wake, na mdogo hatukumwuliza.

Tena yatupasa kujua mpaka wa ushahidi huo. Aliyekaa Mbalizi asione pete hawezi kusema kwamba Rujewa haikuwako pete. Kutoona kwake kunasema juu ya mahali aliposimama na wakati alioutazama, basi. Hapa ndipo wanapokosea baadhi ya wasomi wanaosema, "Nimeitazama dunia sikumwona Mungu, kwa hiyo hayuko." Wanapaswa kuulizwa kwa upole, Ulisimama wapi? Ungetarajia kuona nini? Lakini swali hilo hilo linatugeukia na sisi. Aliyekuwa Rujewa asimwambie wa Mbalizi kwamba hakuona kwa sababu ya dhambi zake, au kwa sababu macho yake ni mabaya. Wote wawili walitazama jua moja.

Nalisema hilo kwa sababu ya desturi moja niionayo miongoni mwetu. Katika mikutano yetu ya ushuhuda husimama aliyeomba akapona, aliyeomba akapata kazi, nasi tunashangilia, na ni haki tushangilie. Lakini je, mmepata kumsikia mtu akisimama na kusema, "Niliomba miaka 4 kwa ajili ya mtoto wangu, nikakesha, na mtoto akafa, ningali naomba"? Watu wa namna hiyo wamo humu kanisani, katika viti vile vile. Hawasimami. Wanaona kwamba hawana la kusimulia. Wengine, kwa kuona aibu, hujitungia jambo dogo ili nao wawe na ushuhuda, kama yule ambaye angeuita mtikisiko wa upepo kivuli. Hapo tumepoteza mara mbili: tumepata neno lisilo kweli, na tumepoteza neno la kweli ambalo lingemsaidia mwingine aliye katika giza lile lile.

Mimi si mwanatheolojia, na sitathubutu kueleza kwa nini Mungu huwajibu wengine hivi na wengine vile. Ninachoweza kusema ni cha mwalimu tu: picha yetu ya mambo ya Mungu, ikichorwa na wale walioona peke yao, haitakuwa na mipaka. Kila mtu ataikuza apendavyo. Mitume waliokesha baharini usiku kucha bila kupata samaki hawakuona haya kumwambia Bwana kwamba hawakupata kitu, na habari hiyo imehifadhiwa katika Injili, haikufutwa.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa wazee wa kanisa na kwa halmashauri ya mtaa wetu, na kwa wenyeviti wa vyama vyote, akina mama na vijana pia. Tunapochunguza neno lolote, likiwa la fedha ya sadaka au la ugomvi wa ndoa, katibu awe na nafasi tatu katika karatasi yake: aliyetazama akaona, aliyetazama asione, na ambaye hakuweza kutazama. Naye huyu wa tatu asiaibishwe, ili asishawishike kujiita wa pili. Mlinzi wetu yule alikuwa na homa. Kama angejua kwamba anaweza kusema "Nililala, nilikuwa mgonjwa" asifukuzwe kazi, huenda angesema. Hofu yake tuliitengeneza sisi.

Na nyumbani, wazazi, mtoto akija na jibu la "Nimetafuta, sikuona," msimwambie upesi kwamba hakutafuta. Mwulizeni alitafuta wapi. Mara nyingine kile mlichodhani kimepotea chumbani hakikuwahi kuwamo chumbani.

Msimu wa kiangazi, Mlima Mbeya unapokuwa wazi na umande haujaanguka, mimi hupenda kukaa nje usiku kutazama nyota. Najua kwamba vivuli vya mawe ya mbali hupita juu ya nchi yetu mara nyingi bila mtu kuvijua, kila kimoja kwa sekunde chache, juu ya mashamba na paa za nyumba. Sina darubini, nami sijapata kuona nyota ikizimika. Lakini nimeanza kuandika katika daftari langu dogo: tarehe, saa niliyoanza, saa niliyokoma, anga ilikuwaje. Na chini yake naandika neno ambalo mtoto yule wa barazani alistahili kuandikiwa, nami sikumwandikia: Alitazama, hakuona.

Kama kijana aliyekwenda Chunya yungali hai, na gazeti hili la mtaa likamfikia kwa mkono wa mtu yeyote, ajue kwamba jina lake halina doa, nami ningali namtafuta.

Ndimi mwenzenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, Mbalizi